Kufundisha Mtindo: Kazi Inayofanyika Kabla Mashine Haijawashwa

Hotuba kwa wasanifu wa michoro, walimu na mafundi wa sanaa za mikono, jijini Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Walimu, wasusi na wafinyanzi mliosafiri kutoka Iringa, Mufindi na Kyela, pamoja na vijana mnaofanya kazi za michoro katika steshenari na studio za hapa jijini, nawasalimu nyote: kamwene, mugonile.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifundisha programu ya akili unde inayozalisha picha, ili ichore kwa mtindo wetu na si kwa mtindo iliouzoea huko ilikotengenezwa. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuchora mabango, vitabu vya watoto na lebo za bidhaa katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini, na mitindo niliyowahi kuifundisha imetokana na michoro yangu mwenyewe ya wino. Nina jambo moja la kusema, na mengine yote yatalizunguka hilo: ubora wa mtindo unaamuliwa na mtu anayechagua picha na kuandika maneno yanayoambatana nazo. Kompyuta inakuja baadaye, na mchango wake ni mdogo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na hali ilivyo. Kijana wa Mwanjelwa anapoletewa kazi ya bango la wakulima wa chai wa Rungwe, huku mteja akiwa hana fedha ya kumlipa mpiga picha, anafungua programu na kuandika kwamba anataka wanawake wakichuma chai Tukuyu. Baada ya sekunde chache anapata picha, nayo inapendeza macho. Lakini mwanamke aliyemo amevaa kofia pana iliyochongoka, vilima vya nyuma yake vimekatwa matuta kama mashamba ya Asia, na kikapu kilicho mgongoni mwake hakifanani na chochote kinachobebwa Rungwe. Kijana huyo akiomba kikapu cha Iringa, anapewa kikapu cha rangi kali ambacho kingeweza kuwa cha Ghana, cha Rwanda au cha duka lolote la watalii. Akiomba chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, anapewa mtungi mzito wenye mikono miwili, wa aina inayowekwa kwenye bustani za hoteli, ilhali wote tuliofika Matema tunajua jinsi vyungu vya Ikombe vilivyo vyepesi na jinsi kuta zake zilivyo nyembamba.

Mteja anaipokea picha hiyo kwa sababu ana haraka, na bango linabandikwa. Kosa la bango moja ni dogo. Linalonisumbua ni mabango mia moja, na vitabu vya shule vitakavyofuata, na mtoto wa Makete atakayejifunza kutoka katika vitabu hivyo kwamba kijiji cha Kiafrika kina sura ambayo yeye hajawahi kuiona nyumbani kwao.

Sababu ya hali hii inajulikana. Programu nyingi za kuzalisha picha zilizoenea tangu mwaka 2022 zilijengwa juu ya mikusanyo mikubwa ya picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na maandishi yaliyokutwa karibu na picha hizo. Mkusanyo uliojulikana zaidi, LAION-5B, ulitolewa mwaka 2022 ukiwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maandishi. Kati ya hizo, takribani bilioni 2.3 zilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na lugha nyingine zote zaidi ya 100 ziligawana takribani bilioni 2.2. Modeli, yaani ule ubongo wa programu unaofundishwa kuchora, iitwayo Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma mwezi Agosti 2022, ilifundishwa zaidi kwa sehemu ile ya Kiingereza. Kwa hiyo inajua kile ambacho watu wanaoandika Kiingereza mtandaoni walikipiga picha na kukieleza. Msusi wa Mufindi anayeuza vikapu vyake barabarani hakuwa na sababu ya kuviwekea maelezo ya Kiingereza, na kwa mashine hiyo ni kama hakusuka.

Sasa nieleze kwa ufupi mashine inavyofanya kazi, maana bila kuelewa hilo hatutaelewa kwa nini uchaguzi wa picha una uzito mkubwa hivi. Wakati wa kufundishwa, modeli huoneshwa picha iliyoharibiwa kwa chenga, kama zile zilizokuwa zikijaa kwenye televisheni antena ilipokosa mawimbi, na hutakiwa ikisie ni chenga zipi zilizoongezwa. Kazi hiyo hurudiwa kwa mamilioni ya picha, kwa viwango tofauti vya uharibifu, na kila mara modeli hupewa maelezo ya picha husika. Ikishazoea, inaweza kuanza na chenga tupu na kuzipunguza hatua kwa hatua ikiongozwa na maneno, hadi picha ambayo haikuwahi kuwepo itokee. Ili kazi hiyo isihitaji kompyuta ya ajabu, Stable Diffusion haichakati pikseli zenyewe, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Picha ya pikseli 512 kwa 512 yenye rangi tatu, ambayo ni namba 786,432, hukandamizwa kwanza kuwa jedwali la 64 kwa 64 lenye tabaka nne, yaani namba 16,384. Upunguzaji huo wa mara 48 ndio uliowezesha programu hizi kukaa kwenye kompyuta za watu binafsi, na ndio uliotufikisha sisi kwenye mazungumzo haya.

Katika mwaka huohuo wa 2022 zilipatikana njia za kuiongezea modeli kitu kipya bila kuijenga upya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na kampuni ya NVIDIA walionesha njia ya kutafuta neno jipya, ambapo modeli yenyewe haiguswi ila linatengenezwa neno linaloelekeza kwenye kitu ambacho tayari inaweza kukichora. Njia hiyo huitwa Textual Inversion. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Boston walileta DreamBooth, inayobadilisha modeli nzima kwa picha tatu hadi tano tu za kitu kimoja. Njia tunayoitumia wengi wetu leo ni LoRA, ambayo watafiti wa Microsoft waliibuni mwaka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha, na baadaye ikahamishiwa kwenye picha. Hesabu yake inaeleweka hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Jedwali lenye mistari 1,000 na safu 1,000 lina namba 1,000,000. LoRA hulifunga jedwali hilo lisiguswe, kisha huweka pembeni yake majedwali mawili membamba, moja la 1,000 kwa 8 na jingine la 8 kwa 1,000, ambayo kwa pamoja yana namba 16,000, na hayo tu ndiyo yanayofundishwa. Ndiyo maana faili la mtindo, yaani faili lenye majedwali hayo membamba tu, huweza kuwa la megabaiti chache au makumi ya megabaiti, wakati modeli mama ina gigabaiti kadhaa. Faili la mtindo wako unaweza kulituma kwa simu. Uzuri huo una hatari yake, na nitaurudia mwishoni.

Nakuja kwenye uchaguzi wa picha, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa kwa muda.

Kwa mtindo wa uchoraji, picha 20 hadi 50 zinatosha, mradi ziwe nzuri. Wengi wakisikia hivyo hufurahi, wakakusanya picha 200 za haraka kwa sababu wanaamini wingi utafidia ubovu. Haufidii. Modeli haina namna ya kujua ni kipi katika picha zako ulikikusudia na kipi kilijiingiza chenyewe. Ukipiga picha michoro yako kwa simu ukiwa umesimama chini ya taa, kivuli cha mkono wako kinachoangukia pembeni mwa kila karatasi kitakuwa sehemu ya mtindo, na utakuja kukikuta kwenye picha ya twiga. Ukiiacha sahihi yako kwenye kona ya chini kulia ya kila mchoro, mashine itaandika kitu kinachofanana na sahihi katika kona hiyohiyo, kwa herufi zisizosomeka. Karatasi iliyokaa ikapata rangi ya njano itatoa mtindo wa njano. Ndiyo maana nasisitiza michoro iskaniwe, rangi zirekebishwe ili nyeupe iwe nyeupe, sahihi zifutwe kwenye nakala, na kila picha ikatwe kwa kufikiria ukubwa ambao modeli imezoea: pikseli 512 kila upande kwa modeli za mwanzo za Stable Diffusion, 1,024 kwa SDXL, toleo lake kubwa zaidi lililotolewa Julai 2023.

Jambo gumu zaidi ni kutenganisha mkono na kinachochorwa. Tunaposema mtindo, tunamaanisha kile kinachobaki vilevile wakati kila kitu kingine kinabadilika: unene wa mstari, namna rangi zinavyokaa bega kwa bega, mahali ambapo mchoraji huacha wazi, jinsi anavyochora jicho. Kwa hiyo mkusanyo mzuri ni ule ambao mkono ni mmoja na vitu ni vingi. Awepo mama mlangoni, liwepo basi linalopanda mlima wa Iwambi, iwepo miti ya parachichi, awepo mzee peke yake, wawepo watoto ishirini uwanjani, iwepo mvua, uwepo usiku, kiwepo kitu kidogo mezani na liwepo bonde lote la Usangu kwa mbali. Mchoraji ambaye kazi zake zote ni sura za watu zilizochorwa kwa karibu atapata mtindo unaojua sura tu, na akiomba mlima utatoka mlima wenye kitu kama pua.

Kwa wasusi tatizo hili lina uzito wa pekee. Tukichukua picha 40 za vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, na kuifundisha mashine kwa picha hizo, tutapata mashine inayochora vikapu vya milulu, na huo ni ufundi wa kuiga kitu. Tukitaka ule mpangilio wa mistari myeusi juu ya rangi ya majani makavu uweze kuhamia kwenye jalada la kitabu, kwenye fulana, au kwenye pazia la jukwaa, ni lazima mashine iuone mpangilio huo mahali pengine zaidi ya kwenye kikapu. Kuna haja ya mtu kukaa na msusi na kuchora mipangilio hiyo kwenye karatasi, kwenye kitambaa, kwenye ubao, na michoro hiyo iingie kwenye mkusanyo. Hiyo ni kazi ya kalamu na ya wiki nyingi, na sijaona njia ya kuikwepa.

Baada ya picha yanafuata maelezo yake, na katika sehemu hii ndipo kazi nyingi huharibika. Kila picha katika mkusanyo huambatana na sentensi moja au mbili zinazosema kilichomo, pamoja na neno la kuitia, yaani neno la kubuni ambalo baadaye utaliandika kila unapoutaka mtindo huo. Kanuni yenyewe wengi huona ajabu wanapoisikia kwa mara ya kwanza: eleza kila kitu unachotaka kiweze kubadilika, na unyamazie kile unachotaka kiwe mtindo. Mashine hugawa sifa za picha kati ya maneno iliyopewa. Kilichotajwa kwa jina kinafungwa kwenye jina lake. Kisichotajwa, kama kimejirudia katika picha zote, kinakwenda kujifunga kwenye neno la kuitia.

Chukueni mchoro wa mama aliyeketi mlangoni akipepeta mchele, kuku wawili mbele yake, kwa mstari mzito wa wino na bila vivuli. Maelezo yake yatasema: mama ameketi mlangoni, amevaa kitenge, anapepeta mchele kwa ungo, kuku wawili, mchana. Hayatasema wino mzito, wala hayatasema bila vivuli, kwa kuwa hayo ndiyo tunayotaka yakae ndani ya neno la kuitia. Sasa tuseme aliyeandika amechoka, akaacha kutaja kitenge katika picha zote kwa sababu kwake ni vazi la kawaida lisilohitaji kusemwa. Mashine haijui kwamba ni la kawaida. Itaona kitenge kimejirudia bila jina, itakihesabu kuwa sehemu ya mtindo, na siku utakapoomba dereva wa lori pale Tunduma, dereva atatoka amejifunga kitenge. Nimeona makosa ya namna hii yakilaumiwa kwa programu, kwa kompyuta na kwa umeme, wakati chanzo chake kilikuwa maneno ambayo hayakuandikwa.

Zipo programu zinazoandika maelezo ya picha zenyewe, nazo zinaokoa muda, lakini hazifai kuachwa bila mtu wa kuzisahihisha. Ungo zinauita sahani, kinu zinakiita ngoma, na mtoto aliyebebwa mgongoni huweza kugeuka kuwa mkoba. Maelezo ya uongo hufundisha uongo kwa bidii ileile ambayo maelezo ya kweli yangefundisha ukweli.

Nimeulizwa mara nyingi kama maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Jibu linategemea modeli. Sehemu inayosoma maneno katika modeli za mwanzo za Stable Diffusion, iitwayo CLIP, ilitengenezwa na OpenAI mwaka 2021 kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi, zaidi ya Kiingereza. Husoma vipande 77 tu vya maneno kwa mara moja, na neno refu la Kiswahili hukatwa vipande vingi ambavyo kwake havina maana. Kwa modeli hizo tunalazimika kuandika Kiingereza, na vitu visivyo na jina huko tunavieleza kwa umbo na kazi yake. Hata hivyo naomba, na kwa walimu waliopo hapa naomba kwa msisitizo, kwamba maelezo ya Kiswahili yaandikwe pia sambamba na kuhifadhiwa. Modeli hubadilika kila mwaka, na uwezo wa kusoma lugha nyingi unaongezeka. Mkusanyo wenye picha safi na maelezo sahihi ya Kiswahili utafaa kwa modeli ambazo bado hazijatengenezwa, wakati faili la mtindo lililofundishwa kwa modeli ya leo halitahamia kwenye modeli ya kesho.

Mafunzo yenyewe nitayapitia haraka, kwa sababu maelekezo yake yanapatikana kwa wingi. Kompyuta yenye kadi ya michoro ya gigabaiti 8 inaweza kufundisha mtindo kwa modeli za mwanzo, na ya gigabaiti 12 inaweza kujaribu SDXL. Asiye nayo anaweza kukodi kompyuta ya mbali kwa saa. Picha 30, kila moja ikirudiwa mara 10 katika mzunguko, kwa mizunguko 10, ni hatua 3,000, na huo ni mwanzo wa kawaida. Wengi huanzia kasi ya kujifunza ya 0.0001, yaani kipimo cha ukubwa wa mabadiliko katika kila hatua. Hifadhini nakala ya faili la mtindo kila baada ya mzunguko mmoja, kwanza kwa sababu umeme ukikatika mtaanzia pale mlipofika, na pili kwa sababu nakala bora mara nyingi si ya mwisho.

Mtajuaje nakala iliyo bora? Mashine ikifundishwa mno huanza kukariri. Ili kuipima, iombeni vitu ambavyo havimo kabisa katika mkusanyo, na tumieni namba ileile ya kuanzia, ile inayopanga chenga za mwanzo, kwa kila nakala ili tofauti zionekane wazi. Ombeni treni ya TAZARA ikiingia stesheni. Ombeni kimondo cha Mbozi na wanafunzi wakikizunguka. Ombeni bodaboda kwenye ukungu wa Uporoto. Nakala changa itatoa treni ya kawaida, isiyo na mkono wenu. Nakala iliyoiva itatoa treni iliyochorwa na ninyi. Nakala iliyokariri itatoa treni ambayo dirishani mwake yupo yule mama wa mlangoni anapepeta mchele. Mkifika hapo, rudini nyuma mizunguko kadhaa, au ongezeni aina za picha.

Nimebakiza suala la mwenye mkono, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani ni nyongeza tu.

Mzee Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vibao vya mraba, na alifariki mwaka 1972. Kwa miaka hiyo michache alikuwa na wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani, na wao waliendeleza alichokianza hadi kikawa na ushirika wake Oysterbay na kujulikana duniani kote. Mtindo ule uliigwa, na haukufa kwa kuigwa. Lakini tazameni namna ulivyohama: mwanafunzi alikaa karibu na mwalimu, alimjua kwa jina, alichanganya rangi kando yake, na fedha ya kibao ilizunguka kwa watu waliofahamiana. Faili la mtindo halina lolote kati ya hayo lisipowekewa kwa makusudi.

Mwaka 2022 mchoraji mmoja wa Marekani aligundua kwamba mtu asiyemjua alikuwa amechukua kazi zake 32, akaifundisha modeli mtindo wake na kuiweka mtandaoni kwa yeyote aitake. Hakuombwa ruhusa. Na alieleza jambo ambalo wengi hawalifikirii: hata kama angeombwa, asingeweza kuikubali yote, kwa sababu sehemu ya kazi hizo zilikuwa mali ya kampuni zilizomlipa azichore. Vijana wenzangu, lebo ya asali mliyomchorea mteja wa Njombe huenda si yenu kuifundishia mashine. Someni mkataba kwanza.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo pamoja na kulinda kazi za mtu mmoja ina sehemu inayolinda sanaa za asili za jamii zetu zisitumiwe kibiashara bila idhini. Iliandikwa kabla ya mashine hizi, na wanasheria watakuwa na mengi ya kubishana, lakini nia yake inasomeka. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama katika mkusanyo wenu zimo picha za msusi akiwa kazini, sura yake ni taarifa yake, na ridhaa ya kupigwa picha sokoni siyo ridhaa ya kuingizwa kwenye modeli. Kateni picha zibaki mikono na kikapu, au muombeni akiwa anaelewa anachoombwa.

Nilisema nitarudi kwenye udogo wa faili. Picha iliyochapishwa bila ruhusa inaweza kuondolewa ukutani. Faili la mtindo la megabaiti chache likishapandishwa kwenye mtandao wa wazi na watu wakalipakua, hakuna barua itakayolirudisha, na aliyelipata anaweza kuchanganya mtindo wa akina mama wa Iringa na kitu chochote atakacho. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba mtindo wowote unaotokana na sanaa ya jamii ukae kwenye kompyuta moja au mbili zinazojulikana, chini ya kikundi chenyewe, na anayetaka picha alete maombi, azalishiwe na alipie. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili kabla ya picha ya kwanza kupigwa: ni vikapu vipi vitaingia, ni matumizi gani yanaruhusiwa na yapi hayaruhusiwi, nani analishika faili, malipo yanagawanywaje kati ya aliyesuka, aliyechora na aliyefundisha, na nini kitafanyika kikundi kikiamua kusitisha. Kusitisha kuna maana tu ikiwa faili halijatoka nje, na hiyo ni sababu nyingine ya kulifungia.

Namalizia na nafasi ya wasusi katika upimaji, kwa sababu hadi sasa nimewataja kama wenye mali, na wao pia ni wataalamu ambao kazi hii haiwezi kuwakosa. Mashine hizi huiga sura ya msuko bila kuhesabu nyuzi. Ukikuza picha iliyozalishwa utaona uzi unaoingia chini ya mwingine na kutotokea tena, utaona mistari miwili inayoyeyuka na kuwa mmoja, utaona mzunguko wa ukingo usiofungika. Mimi mchoraji naweza kupitwa na kasoro hiyo, na mteja wa Dar es Salaam ataipita kabisa. Mama aliyesuka tangu utotoni anaiona mara moja, kwa sababu anajua kwamba kikapu kama kile kingefumuka mkononi. Basi picha za majaribio zichapishwe kwa ukubwa wa karatasi ya A3, ziwekwe mezani mbele ya wasusi watatu au wanne, nao wapewe kalamu nyekundu. Kila walipozungushia alama, mwenye kompyuta arudi kwenye mkusanyo atazame ni picha ipi iliyofundisha kosa hilo: pengine ilikuwa na ukungu, pengine ilikatwa vibaya, pengine ilipunguzwa ukubwa hadi nyuzi zikashikana. Aiondoe, apige nyingine kwa karibu zaidi, aandike maelezo upya, afundishe tena. Na muda ambao akina mama hao watautumia mezani ulipwe kwa siku, kama unavyolipwa muda wa mtaalamu mwingine yeyote, na malipo hayo yaandikwe katika bajeti ya kazi tangu mwanzo.

Ndugu mwenyekiti, nawashukuru kwa kunisikiliza. Skana na kompyuta ziko pale nyuma ya ukumbi, na waliokuja na michoro yao tunaweza kuanza kuichambua sasa hivi.